Msuka Mashada wa Jiwe la Mashujaa

Wiki jana nilirudisha ofisini mkasi wa kukatia maua, ndoo mbili, na toroli ambalo gurudumu lake lilistaafu kabla yangu. Karani akaandika: "Vimepokelewa katika hali nzuri." Toroli hilo mnalijua. Kwa hiyo nimeona afadhali niwaandikie ninyi mliobaki biro, yaani ofisi ya bustani za mji, kabla hajatokea mtu wa kuandika kwamba mimi pia nilipokelewa katika hali nzuri.

Habari za kupandishwa cheo ninaziacha, maana ni fupi mno. Mshahara nao mnaujua, ingawa hamwonani nao mara nyingi. Nitawaambia habari za jiwe lililo kilimani, kwa sababu kila mwaka mnatumwa kulifagia na sijasikia mkubwa yeyote akiwaeleza mnafagia nini.

Nilianza kazi mwaka ule ule wa uasi, miaka minne baada ya Wabelgiji kuondoka, majuma machache baada ya jeshi kuurudisha mji. Waasi walikuwa wameushika kwa miezi miwili hivi, na mdogo wangu Kabwe alijiunga nao juma la pili. Msimtafutie sababu kubwa. Alikuwa anajifunza ufundi kwenye karakana ya treni, bosi wake alikuwa akimpiga makofi, na siku waasi walipoingia bosi alikimbia, Kabwe akapewa bunduki. Kijana wa miaka ishirini ukimwondolea bosi na kumpa bunduki, kuna haja gani ya kumhubiria siasa? Jeshi liliporudi, Kabwe hakuonekana tena. Aliacha mke mwenye mimba, akaacha mama yetu, akaniacha mimi.

Nilizunguka mji nikiuliza. Watu walinijibu kwa kufunga milango. Mwishowe mwuza mihogo mmoja akaninong'oneza nikamwone Papa Lenge, mkuu wa bustani za mji tangu enzi za Wabelgiji, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamriwa kuzika. Nilimkuta, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya majani, anamwagilia waridi katika mji ambao nusu ya madirisha yake hayakuwa na vioo. Nikamtajia jina la ndugu yangu na shati alilokuwa amevaa, la mistari ya kijani. Aliendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha.

"Mutoto yangu," akasema, "kaburi siwezi kukuonyesha. Lakini kazi iko. Unaweza kuanza leo?"

Nilidhani ananidhihaki. Akanipa jembe, akanipandisha kilimani kwenye udongo mpya unaotazama ziwa, akaniambia nipande maua mstari kwa mstari na nisikanyage katikati. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeelewa ninapanda juu ya nini, nikakaa chini nikalia, naye akageuka upande wa pili akijifanya anapalilia. Aliniambia shimo ni moja. Jua lilikuwa kali, amri ilikuwa ya haraka, na waasi na askari wa serikali walilazwa humo pamoja bila mtu kuwapanga.

"Ukisema kwa mutu hata moja," akaniambia, "hata kwa mama yako, batachimbua bale ya upande ya waasi na kubatupa mu ziwa. Umesikia?"

Nilisikia, nikaapa. Ndivyo nilivyoajiriwa. Wengine hupewa barua.

Mwaka uliofuata wakubwa walitafuta mahali pa kusimamisha jiwe la mashujaa waliokufa kwa ajili ya umoja wa nchi. Walitembea mji mzima wakakipenda kilima chetu, kwa sababu kilikuwa kimekwisha pandwa maua. Papa Lenge alijaribu kuwaeleza kwamba udongo wa pale ni laini. Wakamjibu kwamba vizuri, kazi itakwenda haraka.

Jiwe lenyewe halikuwa jipya, lilihamishwa tu. Wabelgiji walilisimamisha mjini kwa ajili ya wafu wao. Wale waliotaka jimbo letu lijitenge na nchi waling'oa kibao cha Wabelgiji wakatia chao. Watu wa umoja waling'oa cha kujitenga. Waasi nao, katika miezi yao miwili, kati ya shughuli zote walizokuwa nazo, walipata wasaa wa kutundika ubao. Kila mmoja alitoboa matundu mapya ya skrubu, maana matundu ya mwenzake yalimchukiza. Siku moja mkilifuta vumbi, pitisheni mkono pembeni mwa kibao cha sasa, mtayahesabu kwa vidole. Mimi nilipata kuisoma historia ya nchi yangu kwa njia hiyo, na naona mwalimu wa shule hakunipita.

Basi kila mwaka ilihitajika shada la maua, na Papa Lenge akanifundisha kulisuka. Sikilizeni, maana tangu niondoke sidhani kama kuna anayejua. Chukua rimu ya baiskeli isiyo na spoku. Izungushie nyuzi za mgomba zilizolowekwa, kisha majani ya mchikichi, yote yakielekea upande mmoja. Bugenvilia zikate alfajiri umande ukiwa bado, zitie ndoo ya maji hadi saa mbili, ndipo uzifunge. Usitumie ua lolote lenye sumu. Nilimwuliza kwa nini, wafu watadhurika? Akanijibu kuwa wakubwa wakishaondoka, mbuzi wa mtaani hupanda kilimani kula shada, na mbuzi akifa, mwenyewe atakuja kudai ofisini, na huyo atakuwa mtu wa kwanza katika habari yote hii kulipwa. Utepe unaosema KWA MASHUJAA WETU mbuzi hawali. Nilikuwa naufua, naupiga pasi ya makaa, naufungia mwaka unaofuata. Ulidumu kuliko makomisera sita waliotawala wilaya.

Jambo lililowasumbua wakubwa ni kizazi cha mashujaa. Programu ilisema: "Watoto na wajukuu wa mashujaa watasimama kulia kwa jiwe." Lakini askari waliokufa walitoka majimbo ya mbali, na hapa hawakuwa na mtoto wala mjukuu. Shefu wa protokole, msimamizi wa itifaki za sherehe, mtu mnene aliyetembea na filimbi shingoni, akalitatua. Ilikuja robota moja ya vitenge vyenye picha ya Kiongozi, rais wa nchi, vilivyoshonwa tayari, saizi moja. Aliyeenea katika vazi hilo akawa kizazi. Miaka minane mfululizo alisimama pale mzee mmoja wa sokoni ambaye, kwa hesabu ya karibu, alimzidi umri baba yake shujaa. Alilia vizuri kuliko wote, kwa hiyo hakuna aliyemwondoa.

Katika hao walimweka Mwadi, binti wa Kabwe, aliyezaliwa miezi mitano baada ya baba yake kupotea. Alipofika miaka tisa gauni lilimwenea. Sikumpendekeza mimi, shefu alimwona amekuja kuniletea chakula akampima kwa macho. Nikawa ninatazama kila mwaka mtoto wa ndugu yangu amesimama juu ya baba yake, amevishwa picha ya mtu ambaye jeshi lake lilimuua, akiimba, na mtoto mwenyewe hajui. Nilikuwa nacheka, mjue. Nilicheka mpaka natafuta mti wa kuegemea, na Papa Lenge alikuwa ananipa maji.

Sasa niwaeleze habari ya mama, bila hiyo hamtaelewa siku yenyewe.

Sisi ni watu wa ukoo wa Chui, na watani wetu ni watu wa Mbuzi. Wageni wakisikia hudhani mbuzi ndiye anayeogopa. Kwetu chui akifa, mbuzi ndiye anayemzika. Mtu wa Chui hawezi kumzika wa kwao, machozi yanamzuia. Watu wa Mbuzi wanakuja wakicheka, wanashika jembe, wanalalamika kwamba maiti ni mzito kwa sababu ya uongo aliokuwa akiusema, wanaiga mwendo wake na sauti yake. Mkubwa wa kilio, yaani mzee wa upande wa wafiwa, anakaa chini kwenye kichwa cha kaburi, amevaa ngozi ya chui kichwani. Watani wanamnyang'anya hiyo ngozi, wanamtukana, na haruhusiwi kukasirika. Wakimaliza, marehemu amekufa kweli, na waliobaki wanaweza kuoga na kula. Wasipokuja, hajazikwa hata kama yuko chini ya ardhi.

Padri alimsomea Kabwe misa, na mama alikwenda, alikuwa Mkristo mzuri. Lakini watani hawakuja. Wangekuja wapi, kaburi liko wapi? Kwa hiyo mama hakuvua nguo nyeusi. Mwaka ukapita, mitano, kumi. Hakusuka nywele, hakwenda arusi ya mtu, alilala chini kwenye mkeka. Nami nilikuwa narudi kutoka kilimani kila jioni na udongo wa kilima kwenye kucha, nakula naye, nanyamaza kwa sababu niliapa. Nawaambia wazi: kazi ngumu niliyofanya ilikuwa hiyo, si kubeba ndoo.

Mwaka wa kumi na mbili akaugua. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Akaniita.

"Feza," akasema, "miye naenda. Lakini nikikufa mu hii nguo ya Kabwe, mutanizika mu kilio yake. Yangu nani atalia? Na yake nani atamaliza?"

Nikaenda kwa Papa Lenge, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kushinda kibarazani akiwakosoa wapita njia. Nikamwomba anifungulie kiapo. "Mwambie," akasema. "Batu ya kuchimbua ile shimo bamezeeka, na gurudumu ya toroli nayo inachoka." Nikamwambia mama. Hakulia. Aliniuliza kama pale panaingia maji wakati wa mvua, nikamwambia hapana, akanishika mkono. Kisha akatuma ujumbe Kabimba kwa Mama Musonda.

Mama Musonda alikuwa mkubwa wa watu wa Mbuzi upande wetu, bibi mwembamba aliyemjua Kabwe tangu utotoni, mwenye macho yaliyoingia ukungu na sauti ya kuvusha mto. Jibu lake lilirudi na dereva wa lori la saruji: watakuja. Lakini jiwe lilikuwa na uzio wa waya, kufuli na askari. Watu wa kawaida waliingia siku ya sherehe tu. Tukapatana waje siku hiyo, wakae nyuma ya umati, wangoje wakubwa waende kwenye bia, ndipo wafanye kazi yao kimya kimya. Hapo ndipo kosa letu lilipo. Mtani wa kimya sijawahi kumwona, wala ninyi.

Mwaka huo akaja Komisera mpya kutoka mji mkuu wa jimbo. Sitwayeni Komisera, yaani raia Komisera, maana ubwana ulikuwa umepigwa marufuku ingawa mabwana walibaki. Alikuwa mrefu, kijana bado, abakosti ya kijivu, koti la kufungwa hadi shingoni bila tai, imemkaa sawasawa, na kichwani kofia ya ngozi ya chui kama ya Kiongozi. Hakusema Kiswahili hata neno. Alisema Kifaransa, na shefu wa protokole akawa anatafsiri. Hotuba yake ilidumu saa nzima, na yote ilikuwa juu ya kurudi kwenye uasilia. Tuache mambo ya wazungu. Turudi kwenye mila za mababu. Tuwalilie wafu wetu kama mababu walivyowalilia. Shefu alitafsiri kwa nguvu mpaka filimbi ikawa inalia yenyewe. Wazee walitazamana.

Mimi na jirani tulikuwa tumempandisha mama kwa lile toroli, wakati huo bado linaviringika, tukaliweka kivulini karibu na kizazi cha mashujaa. Papa Lenge alisimama karibu yake. Komisera akapokea shada kutoka mikononi mwangu, akaenda kusimama upande wa kichwa cha jiwe, akainamisha kofia.

Wakati ule ule lori la saruji likafika. Barabara ya Kabimba mnaijua, na walikuwa wamepanda juu ya mifuko. Walishuka watu kumi na watano, weupe kuanzia nywele hadi miguu, hata kope. Umati uligeuka ukawaona wanapanda kilima kimya, na watu wakaanza kufanya ishara ya msalaba. Mlinzi wa lango aliacha lango. Alitueleza baadaye kwamba hakuna aliyemfundisha amri ya kuwazuia waliotoka chini ya ardhi.

Mama Musonda alikuwa mbele. Hakupata kuona komisera maishani mwake, na kwa macho yale hata sasa hakumwona. Aliona kaburi lenye maua, watu wamejaa, na kwenye kichwa cha kaburi mtu amevaa chui kichwani. Kwa elimu yake yote, huyo alikuwa mkubwa wa kilio, na mazishi yalikuwa yameanza bila wao.

"He! Batu ya Chui!" akapiga kelele. "Munazika mutu bila sisi? Hamuna haya? Na weye mukubwa wa kilio, unasimama wima kama mulingoti! Nani alikuambia kusimama?"

Akaivuta ile kofia kutoka kichwani kwa Komisera, akaivaa yeye.

Shefu wa protokole aliweka filimbi mdomoni na haikutoa sauti. Mama Musonda hakungoja. Aliingiza mikono kiunoni kama mtu mwenye mifuko, akatupa bega moja mbele, akaanza kutembea mbele ya jiwe, na nikaona mdogo wangu. Vile vile, Kabwe kabisa, na uongo wake wote.

"Bosi yangu ananipenda sana!" akasema kwa sauti ya Kabwe. "Mwezi hii ananipa velo, baiskeli ya mupya! Mama, usipike mihogo, nitaleta nyama! Kesho! Kesho kabisa!"

Mtu mmoja akacheka, mtu wa karakana ya treni, kisha ishirini, kisha kilima kizima. Komisera akauliza jambo kwa Kifaransa. Wanausalama wawili waliovaa miwani walikuwa wametoa vijitabu vyao, wanaandika. Shefu akanigeukia mimi, kwa sababu shada lilikuwa langu na ilihitajika mtu wa kufungwa.

"Feza, hii ni nini?"

Nikajibu: "Sitwayeni Shefu, hii njo uasilia. Mababu njo walikuwa wanalia vile."

Akatafsiri. Maneno yake ya saa nzima yalikuwa bado hewani. Mama Musonda akamsogelea, akamnyooshea kidole chenye saruji.

"Sema mbele ya batu. Weye ni mutu ya Chui, ao hapana?"

Hapo nilimwonea huruma. Akisema ndiyo, yeye ni mfiwa wa mwasi. Akisema hapana, amesimama mbele ya wanausalama wawili na kizazi kizima cha mashujaa waliovaa picha ya Kiongozi na kofia yake, anasema kwamba yeye si wa Chui. Jasho lilimtoka chini ya kola ya abakosti. Alitazama vijitabu. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama bibi. Kisha akasema maneno machache, na shefu akayatangaza kwa sauti ya mtu anayezama:

"Sitwayeni Komisera anasema yeye ni mutu ya Chui! Sisi wote ni batu ya Chui!"

"Basi kaa chini," akasema Mama Musonda. "Mufiwa hasimamaki."

Akakaa. Na abakosti yake, kwenye udongo. Umati wote ukakaa, wakubwa wa ofisi wakakaa, wanausalama wakakaa na vijitabu. Mwadi peke yake alibaki amesimama na gauni lake, hajui la kufanya, na Komisera, labda kwa kutafuta jambo la kawaida la kusema, akamwuliza kupitia shefu kama baba yake ni miongoni mwa mashujaa hawa.

Mama yangu akajibu kutoka kwenye toroli. "Mwambie, mutoto. Baba yako njo iko hapa chini."

Ndivyo Mwadi alivyojua. Alimtazama bibi yake, akalitazama jiwe, akakaa chini taratibu na kuweka kiganja juu ya udongo.

Mama Musonda aliuliza nani mwingine yumo. Papa Lenge akasimama, kofia ya majani mkononi, akasema wamo askari pia, majina hayajui. "Askari ni rahisi," akasema bibi, "bote banatembea sawasawa," akapiga gwaride na ile kofia ya chui mpaka walinzi wenyewe wakafunika midomo. Kisha watu wa Mbuzi wakatupa udongo juu ya udongo, wakachukua shada langu kuwa haki yao, na mmoja akang'ata bugenvilia mbele ya Komisera ili kuonyesha kwamba yeye ni Mbuzi kweli. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Akafungua kitambaa cheusi kichwani mwenyewe, kwa mikono yake, akanipa nikishike.

Yaliyobaki ya kazini nitayamaliza haraka, nirudi nyuma kidogo mwishoni. Sikufungwa, kwa sababu ripoti haikuandikika. Mwaka uliofuata programu ilikuwa na kipengele kipya kati ya wimbo na hotuba: "Utani wa Taifa, dakika kumi." Watu wa Mbuzi walipewa kadi zenye picha na mazoezi ya juma zima. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mahali palipoandikwa "kicheko". Baada ya miaka miwili wakafuta, wakaleta kikundi cha ngoma. Baadaye vilikuja vita vya Moba, na kibao kingine, na matundu mengine. Papa Lenge alizikwa na watani wake, waliolalamika kwamba kaburi halikuchimbwa sawa na kwamba yeye mwenyewe angewafukuza kazi. Mwadi ana watoto wanne. Siku ya sherehe hawaendi, wanapanda kilimani siku nyingine, na walinzi wa uzio wanawafungulia.

Mama aliishi miezi saba baada ya siku ile, nywele zimesukwa. Katika miezi hiyo kulikuwa na siku ya arobaini, na hiyo ndiyo nilitaka kuwaandikia.

Kofia ilibaki kwa Mama Musonda. Komisera alimtuma shefu mara tatu kuifuata, akarudi mikono mitupu. Jibu lilikuwa lile lile: mkubwa wa kilio anarudishiwa vitu vyake siku ya kumaliza kilio, na anakuja mwenyewe. Na Kinshasa kulikuwa na mkutano, na mtu hawezi kwenda Kinshasa kichwa wazi wakati wenzake wote wana chui. Basi siku ya arobaini, saa saba mchana, akaja nyumbani kwetu. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu, shati la kawaida. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, amevaa kitenge chenye maua mekundu, Mama Musonda kando yake, kofia magotini.

Tulingoja shefu atafsiri, lakini hakuja na shefu. Akakaa chini bila kuambiwa.

"Sheria ni moja," akasema Mama Musonda. "Kila mufiwa anasema ubaya moja ya marehemu. Halafu tunanawa, tunakula, unabeba kofia yako."

Nikafikiri: maskini, atasema nini? Kabwe hakumjua hata kwa picha. Na alipofungua kinywa, kilitoka Kiswahili chetu, cha njia ya reli, cha Nyunzu kabisa, huko huko jimboni kwetu.

"Alikuwa anaiba sukari ya Mama," akasema. "Anakula yote, halafu anasema njo miye. Mama ananipiga miye. Yeye anacheka kule inje." Akakunja mikono ya shati. "Siku alienda na bale batu, nilikuwa na kasirani juu ya ile sukari. Alinipigia hodi ku dirisha, anaaga. Sikufungua."

Kabwe hakupata kupenda kitu kitamu maishani mwake. Mama alijua hivyo kuliko sisi wote. Hakumwuliza jina la ndugu yake huyo, wala alikuwa upande gani. Alivuta beseni la maji, akachukua mikono ya yule mtu, akaanza kuinawisha, kidole kwa kidole, kama ya mtoto.

"Alizikwa wapi?" akauliza.

"Sijui, Mama. Hata leo sijui."

"Basi, alale na yangu," akasema mama. "Nafasi iko."